Cheti cha Tanzania kinavyohesabiwa kwa anayetaka kuhamia Kanada

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

SHAHADA au stashahada iliyopatikana Tanzania haimpi mwenyewe alama hata moja katika maombi ya kuhamia Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi, hadi itakapotathminiwa na taasisi inayotambuliwa na serikali ya nchi hiyo.

Jambo hilo ni muhimu kwa wauguzi, walimu na wahandisi wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, kwani familia yaweza kuuza ng'ombe au mahindi ya msimu mzima kugharamia safari ambayo mwombaji hakuwa na sifa zake tangu awali.

Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa mfumo wa alama mwaka 1967. Tangu Januari 2015 maombi hupokelewa kwa njia ya intaneti, kupitia utaratibu uitwao Express Entry. Chini ya mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji hupimwa kwa alama 100, na anatakiwa kupata zisizopungua 67.

Elimu ina alama 25, lugha 28, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ajira iliyokwisha kupatikana 10, na uwezo wa kuzoea maisha ya huko 10.

Katika elimu, shahada ya uzamivu hupewa alama 25, ya uzamili 23, na masomo ya chuo ya miaka mitatu au zaidi 21. Masomo ya miaka miwili hupata 19, ya mwaka mmoja 15, na sekondari pekee 5. Kinachohesabiwa si jina la cheti, bali kiwango ambacho tathmini itasema kinalingana nacho nchini Kanada.

Tuchukue mfano wa mwombaji mwenye umri wa miaka 30, aliyefanya kazi miaka mitatu na ambaye shahada yake imelinganishwa na ya Kanada. Ana 21 za elimu, 12 za umri na 11 za uzoefu. Akifaulu Kiingereza kwa kiwango cha chini kinachokubalika, anaongeza 16 na kufikisha 60. Hapo ameanguka, licha ya shahada yake. Lakini akipata kiwango cha juu cha lugha, yaani alama 24, anafikisha 68 na kuvuka.

Mwenzake mwenye umri na uzoefu huo huo, lakini mwenye masomo ya miaka miwili, hata akipata 24 za lugha huishia 66. Akifanya kazi mwaka mmoja zaidi, uzoefu wake hupanda hadi 13 naye hufikisha 68.

Aliyeishia kidato cha nne, hata akiwa na miaka sita kazini na Kiingereza kizuri, hupata 56 tu. Kwa mafundi kama waashi na mafundi umeme upo mpango mwingine usioweka kiwango cha chini cha elimu, ila hudai ajira ya huko au cheti cha ufundi kilichotolewa Kanada.

Kuvuka 67 nako si kupata kibali. Mwombaji huingizwa katika orodha na kushindanishwa na wengine, na wenye alama za juu ndio hualikwa. Aidha, muuguzi atahitaji leseni ya jimbo analokwenda, ambayo ni suala tofauti na tathmini ya cheti.

Taasisi za tathmini mara nyingi hutaka matokeo yatumwe na chuo chenyewe. Kwa hiyo mhitimu anashauriwa kuanza na ofisi ya msajili wa chuo chake, na kuhakikisha majina katika vyeti vyote na pasipoti yanafanana. Tathmini hutumika kwa miaka mitano, hivyo si busara kuilipia kabla ya kujiandaa kwa mtihani wa lugha.

Kujisajili katika orodha hiyo hakulipiwi ada. Anayedai fedha ili "kuongeza alama" za cheti anauza kitu asichokuwa nacho, kwa kuwa alama hutokana na elimu yenyewe. Mawakala wa ajira nchini wanatakiwa kuwa na leseni, na mwananchi ana haki ya kuiona kabla ya kutoa fedha yake.