Wito wa Mahakama Umekufikia Umechelewa? Usikimbilie Sumbawanga Kwanza

Leo tuache kidogo mambo ya picha kali na kapsheni. Kuna kitu kinaweza kuondoka na friji, pikipiki na mzigo wako wote huku wewe unajibu DM.

Chukua mfano huu. Dada yupo Mpanda, anauza vitenge mtandaoni. Alichukua mzigo wa 4,800,000 kwa mali kauli, wakapishana hesabu na mtu wa jumla. Jamaa akafungua kesi Mahakama ya Wilaya. Wito ukapelekwa kwenye fremu ya zamani, Majengo, kumbe dada alishahamia Makanyagio na anauzia nyumbani. Karatasi ikabandikwa mlangoni. Tarehe 4 Machi hukumu ikatoka kwa kusikiliza upande mmoja. Dada anapata habari tarehe 20 Machi, mpangaji mpya alipomletea bahasha.

Wengi hapo wanasema, "Naenda Mahakama Kuu Sumbawanga, naomba marejeo, wafute yote." Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200, nauli, pengine na wakili. Na mara nyingi huo sio mlango wako.

Marejeo ni nini hasa?
Ni Mahakama Kuu kuita faili la mahakama ya chini na kuangalia kama ilivuka mamlaka yake, ilikataa kuyatumia, au iliyatumia kwa ukiukwaji mkubwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imeweka mipaka:

- Yanahusu uamuzi ambao hauna rufaa. Kama rufaa ipo, marejeo sio njia ya mkato. Mahakama ya Rufani ilishika msimamo huohuo kwenye shauri la mhariri wa gazeti la Uhuru, lililopo katika ripoti za sheria za 1995.
- Amri ndogo ya katikati ya kesi haiombewi marejeo, labda iwe imeimaliza kesi yenyewe. Hakimu amekataa kuahirisha? Subiri mwisho.
- Muda wake ni siku 60.

Sasa dada afanye nini?
Arudi mahakama ileile iliyotoa hukumu, aombe itenguliwe. Muda ni siku 30 tangu hukumu. Hesabu nasi: kutoka 4 Machi, siku ya mwisho ni 3 Aprili. Amejua tarehe 20, kwa hiyo amebaki na siku 14 tu. Akizimalizia kwenye safari ya Sumbawanga, imekula kwake.

Akikataliwa, amri hiyo ya kukataa inakatiwa rufaa. Muda ukiwa umeshapita, anaanza na ombi la kuongezewa muda, akieleza kila siku ya kuchelewa ilienda wapi. "Nilikuwa bize na oda" haitoshi.

Haki ya kusikilizwa ipo kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(a), na Mahakama ya Rufani iliisisitiza kwenye shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts. Lakini lazima uonyeshe kwamba kweli hukupewa nafasi.

Ushahidi wa kuandaa

1. Nakala ya hukumu, pamoja na kiapo cha aliyepeleka wito. Soma: anasema alikupa wapi, lini, mbele ya nani?
2. Mkataba wa pango mpya, au barua ya mwenyekiti wa mtaa kuonyesha ulihama lini.
3. Utetezi wako: meseji, risiti, miamala ya simu. Hakimu atataka kujua una hoja gani ukisikilizwa.
4. Omba pia utekelezaji usimame. Kuomba hukumu itenguliwe peke yake hakumzuii dalali wa mahakama.

Kama wito umefika kwa wakati
Andika tarehe na saa uliyopokea, ndipo usaini. Piga picha. Kukataa kusaini hakusaidii, wito unaweza kubandikwa na kesi ikaendelea. Mahakama ya Wilaya unajibu kwa maandishi ndani ya siku 21.

Kesi ikiwa Mahakama ya Mwanzo
Rufaa inaenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Mahakama hiyo inaweza pia kufanya marejeo, ila sio baada ya miezi 12 tangu shauri liishe.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Ukihama fremu, badilisha anwani kwenye leseni na TIN, mwambie mtu wa mali kauli kwa meseji, na muachie mpangaji mpya namba yako. Huna hela ya wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nenda na karatasi zako zote, na nenda leo, maana siku zinahesabiwa.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayechukua mzigo kwa mali kauli.