Patriots walipotinga nusu fainali, Gisenyi ilikuwa inatikisika

Wiki ya mwisho ya Mei 2021 sebule yangu hapa Gisenyi ilikuwa na wageni kumi na mmoja. Walitoka Goma usiku wa Jumamosi tarehe 22, Nyiragongo ilipolipuka, wakavuka mpaka wakiwa na magodoro kichwani. Wengi waliovuka usiku ule walirudi kesho yake. Hawa wangu walibaki, kwani ardhi ilikataa kutulia. Kuta zilipasuka, barabara zikachanika, tukawa tunalala uani.

Burudani yetu ilikuwa redio moja, na katika redio hiyo walikuwamo Patriots.

Kwa msomaji asiyefuatilia mpira wa kikapu, Patriots ni klabu ya Kigali iliyoanzishwa mwaka 2014. APR ni timu ya jeshi na REG ni ya shirika la umeme, lakini hawa walianza kama klabu ya binafsi. Hawakuchukua muda kuwa wababe. Walitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2019, mwaka uleule Kigali Arena ilipofunguliwa ikiwa na nafasi ya watu wapatao 10,000 (tangu 2022 inaitwa BK Arena), wakautetea mwaka 2020. Kabla ya 2019 kwisha walikuwa wamefuzu kwa Ligi ya Afrika ya Kikapu, BAL, michuano mipya ya klabu za bara iliyoanzishwa na FIBA pamoja na NBA ya Marekani.

Ligi hiyo ilikuwa ianze Machi 2020 huko Dakar. Korona ikaizuia, kama ilivyozuia mpaka wetu na mitaji ya akina mama wengi wa Petite Barrière. Ilipoanza hatimaye, tarehe 16 Mei 2021, ilichezwa yote Kigali, timu 12, na mechi ya ufunguzi ikawa ya Patriots. Waliilaza Rivers Hoopers ya Nigeria pointi 83 kwa 60. Magazeti ya dunia yalimwandika zaidi J. Cole, mwanamuziki wa Marekani aliyevaa jezi ya Patriots. Alicheza mechi tatu akaondoka. Mimi naona walikosea mtu wa kumwandika.

Mgeni wangu mmoja, mama muuza vitenge wa soko la Virunga, ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Mwalimu, hao wote ni watoto wa hapa?"

Nikamwambia, mama, hapana. Nahodha Aristide Mugabe ni wa hapa. Kenneth Gasana anaichezea timu ya taifa ya Rwanda lakini alizaliwa Marekani, akacheza Chuo Kikuu cha Boise State. Guibert Nijimbere ni Mrundi. Brandon Costner ni Mmarekani, na kocha Alan Major vilevile.

Akacheka. "Basi ni kama nyumba hii."

Sikuwa nimeliwaza hivyo. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikasoma sekondari Bukoba, na kikapu nilijifunzia huko kwenye ringi isiyo na wavu. Niliporudi, Kinyarwanda changu kilichekwa hata na wanafunzi wangu. Kumsikia mtangazaji akilitamka jina Gasana kwa sauti ya mtu anayemwita ndugu yake kulinigusa mahali ambapo hotuba hazijawahi kufika.

Robo fainali ilikuwa dhidi ya Ferroviário ya Maputo. Kipindi cha nne ardhi ikatikisika, vikombe vikagongana kabatini, watoto wakakimbilia mlangoni. Yule mama hakuinuka. Alishika redio kwa mikono miwili isianguke, na hakuiachia mpaka mwisho: Patriots 73, Ferroviário 71. Majirani walitoka nje wakidhani kelele zetu ni za tetemeko jingine.

Nusu fainali haina haja ya kurefushwa. US Monastir ya Tunisia iliwachapa 87 kwa 46. Katika mechi ya mshindi wa tatu walifungwa na Petro de Luanda, wakamaliza wa nne. Ubingwa ulikwenda Zamalek ya Misri.

Baada ya hapo zamu ikahama. REG ndio waliokwenda BAL mwaka 2022 na 2023, kisha APR mwaka 2024. Mwaka 2025 APR walifika nusu fainali huko Pretoria, na katika mechi ya mshindi wa tatu wakaifunga Al Ittihad ya Misri 123 kwa 90. Rwanda haikuwa imepata nafasi ya juu hivyo. Klabu hizo tatu zote makao yake ni Kigali, mwendo wa saa tatu hivi kwa basi kutoka hapa kwetu. Kijana wa Gisenyi anayetaka kuishi kwa kikapu lazima apande basi hilo.

Uwanja wa shule yangu bado una ufa wa mwaka 2021, unaopita chini ya ringi ya upande wa ziwa. Tuliuziba kwa saruji mara mbili, ukarudi mara mbili. Wanafunzi wamejifunza kudundisha mpira kwa kuukwepa.

Yule mama alirudi Goma Juni ile. Januari 2025, mji wake ulipoangukia mikononi mwa M23, alivuka tena, safari hii bila godoro, na alipofika mlangoni kwangu aliuliza kama redio bado ipo.