Mkanda wa Ngozi Ukilowa, Usiuanike Motoni

Ndugu msomaji, mwaka juzi mvua za kwanza zilipotulainishia ardhi huku Maswa, kila mwenye maksai alikuwa shambani kabla ya jua kuchomoza. Mzee mmoja wa darasa letu la kisomo naye alifunga nira mapema. Hajamaliza mistari mitano, mkanda wa shingoni wa maksai wa kulia ukakatika. Haukuchanika. Ulivunjika, ko, kama kijiti kikavu. Maksai akatoka nirani, akaingia kwenye mihogo ya jirani. Kulima kwa siku ile kukaishia hapo, na siku ya pili pia. Wenzake wanapanda, yeye anatafuta ngozi.

Jioni alikuja darasani na vile vipande viwili. Akaviweka juu ya meza yangu.

"Mwalimu," akasema, "mkanda huu nimekaa nao miaka sita. Juma lililopita ulilowa. Nikauanika juu ya mafiga ili ukauke upesi. Sasa nimekosa nini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kosa hilo nalijua. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, baba aliuza mbuzi akaninunulia viatu vya ngozi. Vilikuwa viatu vyangu vya kwanza vya ngozi maishani. Siku moja nikanyeshewa. Usiku nikaviweka kando ya jiko la mkaa, nikalala nikijua asubuhi nitavikuta vikavu. Kweli vilikuwa vikavu! Ncha zimepinda juu, ngozi imekuwa kama ubao, na mguu hauingii. Nilikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kandambili. Wanafunzi walitazama miguu yangu kuliko ubao.

Basi tuliacha somo la siku ile, tukazungumza habari za ngozi. Haya ndiyo tuliyoyazungumza, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa mafundi viatu.

Ngozi ni kitu gani? Chukua kipande cha ngozi kilichokatwa, utazame ukingo wake. Utaona nyuzi ndogondogo zilizosukana kama pamba iliyoshindiliwa. Nyuzi hizo ndizo nguvu ya ngozi. Mnyama akiwa hai, nyuzi zake zimelowa na zinateleza. Ngozi ikitengenezwa kiwandani, mafundi hutia dawa ili isioze. Dawa nyingine hutoka kwenye magome ya miti, kama ile miwati inayolimwa Njombe. Kisha hutia mafuta, ili nyuzi ziendelee kuteleza moja juu ya nyingine unapoikunja.

Mafuta hayo hayakai milele. Jua huyapunguza, vumbi huyanyonya, na maji ya mvua na jasho huyatoa kidogokidogo. Yakiisha, nyuzi zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Ukikunja, zinakatika. Kwanza unaona mistari myembamba, halafu nyufa, halafu siku moja mkanda unabaki vipande viwili mkononi.

Watu wengi wakiona ngozi imekauka huiloweka maji. Ni kweli italainika, lakini kwa saa chache tu. Maji yakitoka, yanaondoka na sehemu ya mafuta yaliyokuwa yamebaki. Kesho ngozi ni ngumu kuliko jana. Unaloweka tena, inazidi. Ngozi kavu haina kiu ya maji, ina njaa ya mafuta.

Sasa tuje kwenye moto. Ndugu msomaji, umewahi kunywa supu ya makongoro? Ikipoa huganda ikatetemeka. Kinachoganda ni zile nyuzi zilizokuwa katika ngozi na mishipa ya mguu wa ng'ombe. Moto umeziyeyusha, zimekuwa gundi. Ndiyo maana hata gundi ya mafundi seremala wa zamani ilipikwa kwa ngozi. Jambo hilohilo huanza kutokea kwenye mkanda uliolowa ukiuweka juu ya mafiga. Ngozi isiyotiwa dawa, ikiwa imelowa, huanza kujikunja kwenye joto la karibu digrii 65. Maji huchemka karibu na digrii 100. Kwa hiyo mkanda unaharibika hata kabla ya maji ya ugali kuchemka! Nyuzi zikishajikunja hivyo hazirudi tena, hata uzipake mafuta ya debe zima. Ngozi iliyotiwa dawa huvumilia joto zaidi, lakini nayo ikilowa haifai kuwekwa karibu na moto.

Hapo mama mmoja akauliza swali zuri. "Mwalimu, mbona ngoma tunaiotesha moto, na inalia vizuri?"

Nadhani hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Sisi ngozi tumeijulia kwenye ngoma. Ngozi ya ngoma haikunjwi. Inatakiwa ikauke na kukaza ili ilie, na mpigaji mwenye akili huiotesha kwa mbali, kwa muda mfupi, ili kutoa unyevu wa hewa tu. Mkanda, kiatu na mkoba vinakunjwa kila siku. Kinachoifaa ngoma kinaua mkanda. Na kinyume chake pia: usipake ngoma yako mafuta, itakuwa bubu.

Haya, tushike kazi. Kabla ya kupaka chochote, jua kwanza una nini mkononi. Siku hizi mikanda na mikoba mingi ya mnadani si ngozi. Ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Tazama upande wa ndani au kwenye ukingo. Ukiona nyuzi za kusokotwa kama za shati, hiyo ni ngozi ya bandia. Ikianza kubanduka maganda, hakuna mafuta yatakayoisaidia. Usipoteze mafuta yako.

Pili, angalia kama ngozi iko hai. Sugua kwa kidole. Ngozi ya zamani sana, hasa ile iliyotengenezwa kwa magome, huweza kuoza ikawa unga mwekundu. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, ngozi hiyo imekufa. Mafuta yataifanya iwe nyeusi na kuilegeza zaidi. Usiifungie maksai, wala usiitumie kuvutia mzigo wowote.

Ngozi ikiwa kavu lakini haitoi unga, inaweza kupona. Ila usianze kwa kuikunja ili kuijaribu! Wengi huivunja hapo hapo.

Isafishe kwanza. Piga vumbi kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Penye vyuma, ng'oa kutu, kwa sababu kutu hula ngozi. Kisha chukua kitambaa, kilowe maji, kikamue sana, ufute. Pakiwa na uchafu mgumu, gusa sabuni ya mche kidogo tu. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa mafuta yote. Mkanda wa maksai au wa punda ufute mara mbili kwa maji safi, maana una chumvi ya jasho. Uache kivulini penye upepo mpaka ubaki na unyevu kidogo sana, wa kuhisi kwa shavu tu. Usingoje ukauke kabisa. Unyevu huo una kazi: maji yakitoka polepole, mafuta yanaingia mahali pake.

Mafuta gani? Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na hapa kuna makosa mengi.

Mafuta ya alizeti tunayo kwa wingi, lakini si mazuri kwa ngozi. Tazama shingo ya dumu la alizeti lililokaa muda. Inanata, sivyo? Mafuta hayo yakikutana na hewa hugeuka utomvu. Yatafanya hivyohivyo ndani ya mkanda. Mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, hayagandi namna hiyo, nayo ni mazuri. Shahamu ya ng'ombe ni nzuri, ilimradi haina chumvi. Nyama iliyobaki ndani ya shahamu huoza, ikaita panya na mbwa. Nimeona mkoba ulioliwa na mbwa usiku mmoja. Mwenyewe alikuwa ameupaka mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha nyama ya kukaanga! Mafuta ya mgando ya kujipaka yatasaidia kidogo ukikosa yote. Mafuta ya taa hayafai kabisa, yanayeyusha mafuta yaliyomo. Na oili chafu ya gari, ile ambayo watu wetu wanaipenda sana, iache. Ina vipande vya chuma na sumu, na inadhuru ngozi ya maksai pamoja na mikono yako.

Mimi napendelea mchanganyiko wa shahamu na nta ya nyuki. Shahamu inalainisha, nta inazuia maji. Katakata shahamu, iweke kwenye sufuria na maji kidogo, uiyeyushe kwa moto mdogo. Chuja kwa kitambaa kwenye chombo kingine, iache ipoe. Mafuta meupe yataganda juu. Yatoe, utupe maji na machicha. Sasa chukua vijiko vitatu vya mafuta hayo na kijiko kimoja cha nta iliyochujwa. Viweke kwenye kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto, mpaka vyote viyeyuke. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya moto, na watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto usimwagie maji. Funika kopo kwa kifuniko na uondoe kuni. Koroga, acha ipoe. Ikiwa ngumu mno kama mshumaa, yeyusha tena uongeze tone la mafuta ya nyonyo.

Kupaka ni kazi ya uvumilivu. Chota kiasi cha punje ya harage, ipashe moto kati ya viganja vyako, usugue ngozi pande zote, zaidi upande wa ndani ambao hauna rangi. Kwa mkanda mmoja wa kiunoni, kijiko cha chai hakiishi. Tundika kivulini mpaka kesho. Kesho ujaribu kuukunja kwa upole sana. Bado mgumu? Paka tena kidogo. Mara tatu kwa siku tatu ni bora kuliko mara moja kwa wingi. Ngozi iliyoshiba kupita kiasi hulegea, hurefuka na kukamata vumbi. Ukimaliza, futa mafuta yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Kwenye kiatu usipake mafuta pale soli ilipobandikwa kwa gundi, maana soli itaachia. Na nyufa zilizokwisha kuingia hazitafunga. Mafuta yanazizuia zisiendelee, basi. Ufa mkubwa ni kazi ya fundi.

Baada ya siku kadhaa pengine utaona weupe juu ya ngozi. Usishtuke. Weka kidole gumba juu yake kwa muda. Ukiyeyuka kwa joto la kidole, ni mafuta yamejitokeza, futa tu. Usipoyeyuka na unanuka unyevu, ni ukungu. Huo upige brashi nje ya nyumba, ufute kwa kitambaa, tundika penye upepo.

Na mikanda ya nira, ambayo wengi wetu tunajikatia wenyewe kwa ngozi isiyotiwa dawa? Hiyo inahitaji mafuta kuliko zote, kwa sababu haina dawa ya kuilinda na maji. Ipake kabla ya mvua, sio baada. Kila ukitoka shambani futa tope, isokote kwa mikono mara kadhaa, uitundike chini ya paa mbali na jiko. Usiiweke pamoja na chumvi wala mbolea ya dukani, na usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kila baada ya majuma machache ya kazi, ipake tena. Msimu ukiisha, ipake ndipo uihifadhi.

Tulipofika hapo, yule mzee alikwenda nyumbani akarudi na mkanda wa pili, ule wa maksai wa kushoto. Huo haukuwa juu ya mafiga, ulikuwa ukutani. Ulikuwa mgumu, lakini haukuwa na ufa. Tuliufuta palepale darasani kwa taa, tukaupaka siku tatu. Siku ya nne ulikubali kuzunguka mkono wake.

Ule uliovunjika hakuutupa. Aliulaza juu ya ngozi mpya ya ng'ombe, akachora kwa mkaa pembeni yake, akaongeza upana wa kidole kimoja, akakata.

Alipanda mtama siku nane nyuma ya jirani yake.