Paka wa Kambini na Sanduku Lake la Mchanga

Katika nyumba za askari paka hufugwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni panya. Gunia la unga likikaa majuma mawili tu chini ya meza, panya wa kambi nzima wamekwisha kupata habari zake. Hata hivyo twazijua nyumba ambamo paka hodari alifukuzwa, na panya wakarudi kwa shangwe, kwa kuwa alijisaidia chini ya kitanda.

Ndugu askari, yafaa tukague choo cha paka kabla ya kumhukumu. Mnyama huyu ametokana na paka pori wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na kufukia kinyesi ni tabia yake ya asili. Mtoto wa paka mwenye umri wa majuma manne hivi huanza kukwaruza mchanga bila ya kufundishwa na mtu. Lililo juu yetu ni kumpa mchanga unaomridhisha.

Huko Marekani ilizuka biashara kubwa tangu mwaka 1947, wakati Edward Lowe wa Michigan alipompa jirani yake udongo mkavu wenye kunyonya maji, autumie badala ya mchanga. Sisi hatuna haja ya kununua udongo. Beseni kuukuu, refu mara moja na nusu kuliko paka mwenyewe, na mchanga laini mkavu wa kina cha vidole vitatu, vyatosha. Liwekwe pembeni penye utulivu, mbali na chakula chake, kwani paka hapendi kula karibu na choo. Na ni askari gani apendaye?

Siku za kwanza afungiwe chumba chenye beseni hilo, na apelekwe humo kila amalizapo kula na kila aamkapo. Akikosea, asipigwe wala asisuguliwe pua katika uchafu. Paka si kuruta. Adhabu humfundisha kutuogopa tu, naye atatafuta mahali tusipomwona, pengine ndani ya buti la gwaride. Mahali alipochafua paoshwe kwa sabuni na maji mengi, bali dawa yenye amonia isitumiwe, maana harufu yake yafanana na ya mkojo nayo humrudisha pale pale.

Kinyesi kiondolewe kila siku. Paka alaye panya aweza kupata vijidudu vya toksoplasma, navyo vikishatoka na kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni aweza kudhurika macho na ubongo. Kwa hiyo kazi hii na iwe ya bwana mwenye nyumba, hata akiwa sajini, naye anawe mikono baadaye.

Limebaki la paka dume. Akionekana kwenda sandukuni mara kwa mara, akajikamua na kulia pasipo kutoa mkojo, huenda njia yake ya mkojo imeziba, na asipotibiwa aweza kufa katika siku mbili au tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta na kungoja asubuhi.