Radi, Mabati na Ngoma Tatu: Kufunga Runinga Mpya Kakamega

Mwalimu mmoja wa upande wa Shinyalu aliniletea runinga ya inchi 43 ikiwa imefunikwa shuka. Haikuwa imemaliza miezi miwili tangu ainunue. "Fundi, nilichomoa," alisema kabla sijaiweka mezani. "Nilisikia mawingu yakinguruma, nikachomoa plagi, nikaketi." Nilimwamini. Nilipofungua mgongo wa runinga, sehemu inayopokea stima ilikuwa nzima. Kilichoungua ni tundu la antena, na weusi wa moto ulikuwa umetambaa kutoka hapo hadi kwenye ubao mkuu, ukatokea upande wa pili kwenye tundu la HDMI. Saundiba yake, iliyokuwa imeunganishwa hapo, nayo haikuwaka tena. Plagi aliichomoa kweli, lakini waya wa antena aliuacha, na antena yenyewe ilikuwa juu ya bomba la chuma lililoupita mparachichi wake kwa urefu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniita kumfungia runinga na spika za sebuleni, sianzi na kasha. Nazunguka nyumba kwanza. Natazama paa, natazama waya wa stima unavyoingia kutoka kwenye nguzo, nauliza ukuta ni wa tofali au wa udongo, nauliza ardhi ya pale ni ya namna gani. Wateja huona kama napoteza wakati. Wao wanataka kujua kama inchi 55 zitatosha. Lakini katika kaunti hii nyumba yenyewe ni kifaa cha kwanza cha mtambo wote, na ndicho kifaa ambacho duka halikuuzii.

Sisi tunaishi chini ya mawingu mazito. Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Jua la asubuhi hupasha hewa yenye unyevu, upepo unaotoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki karibu na miinuko ya Nandi, na ikifika saa tisa alasiri mawingu yamesimama wima juu ya msitu. Radi si ajali ya nadra hapa. Ni sehemu ya ratiba ya siku.

Watu wengi hudhani kwamba radi ni lazima ipige nyumba ndipo ilete hasara. Sivyo. Ikipiga waya wa stima au hata karibu nao mbali na kwako, msukumo wa maelfu ya volti husafiri kwenye waya huo hadi kwenye soketi yako, ambayo kawaida hubeba volti 240. Msukumo kama huo unaweza pia kuzuka kwenye waya wa antena au wa dishi. Na hapa ndipo mtambo wa sinema ya nyumbani unapoongeza hatari: ukiunganisha king'amuzi na runinga, runinga na amplifaya, amplifaya na spika, umejenga pia barabara moja ya radi kutoka paani hadi kwenye wufa. Zamani ilikuwa inakufa runinga peke yake. Siku hizi vyote huenda kwa sekunde moja.

Kwa hiyo nunua kinga kabla ya kununua spika za ziada. Kuna vifaa viwili ambavyo huchanganywa sana. Kile kinachoitwa TV Guard hukata stima voltiji inaposhuka au kupanda kupita kiasi, kisha husubiri kidogo kabla ya kuirudisha. Hicho husaidia sana stima inapopotea na kurudi kwa kishindo. Kingine ni kizuia msukumo, ambacho ndani yake mna kipande kidogo kinachofungua njia ghafla voltiji inapozidi na kuutupa msukumo huo kwenye waya wa ardhini, yaani ethi. Vipo vinavyofanya kazi zote mbili, soma kasha. Lakini kizuia msukumo kikikosa ethi hakina pa kuutupa mzigo wake wote. Nimeingia kwenye nyumba nyingi zenye soketi nzuri za matundu matatu ambapo tundu la juu halielekei popote. Waya wa kijani na manjano umekatwa ukutani na kupakwa plasta.

Hilo si jambo la kujaribu mwenyewe kwa bisibisi. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, apime. Fimbo ya shaba huchimbiwa ardhini nje ya nyumba, na udongo wetu wenye unyevu karibu mwaka mzima huipokea vizuri. Tofauti ni upande wa Ilesi, kule kwenye Jiwe Linalolia, ambako miamba imejitokeza hata mashambani. Mwamba haupitishi umeme kama udongo unavyopitisha, na fimbo ikigonga jiwe, wengine huikata na kufukia kipande kilichobaki. Hiyo si ethi. Hapo inabidi kutafuta sehemu yenye udongo wa kina, au kuchimbia fimbo kadhaa na kuziunganisha. Bomba la antena na la dishi nalo lifungwe kwenye ethi hiyohiyo.

Hata ukiwa na yote hayo, radi ikipiga karibu hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia. Dawa ni kuchomoa: plagi, waya wa antena, waya wa dishi, na wa intaneti kama upo. Chomoa mapema, mawingu yanapoanza kukusanyika. Ukishaona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukisikia kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na sasa usiguse waya wowote. Acha runinga iungue ikibidi. Mtu ni wa thamani kuliko runinga, na nimewahi kumkuta mama akichomoa waya kwa mikono yenye maji huku nje kukipasuka.

Sasa picha. Antena ya ndani haifai chini ya mabati, kwa sababu bati ni chuma na chuma hurudisha mawimbi. Itoe nje. Hakikisha pia runinga ina kipokezi cha DVB-T2, mfumo unaotumika Kenya kwa matangazo ya dijitali. Wengi tunakumbuka Februari 2015, wakati Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa majuma kadhaa katika mvutano wa kuhama kutoka analojia. Tangu tuhame, runinga yenye kipokezi hicho hunasa vituo vya bure bila king'amuzi chochote. Runinga za mitumba kutoka ng'ambo ndizo za kuangaliwa. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina mfumo tofauti kabisa wa kupokea matangazo, na kama imeandikwa volti 110 tu, ukiichomeka kwenye 240 utasikia harufu kabla ya kuona picha.

Kuhusu dishi, wateja hunilalamikia kwamba mafundi wameligeuza likitazama mbingu kama bakuli la kukinga maji. Hawajakosea. Setilaiti inayobeba vituo vya DStv imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 Mashariki, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Ikweta inapita kusini kidogo mwa hapa, karibu na Maseno, na Kakamega yenyewe iko karibu na nyuzi 35 Mashariki. Maana yake setilaiti hiyo iko takriban juu ya utosi wetu. Dishi la Ulaya hutazama kando. Letu lazima litazame juu. Na mvua ikimwagika, matone yale manene hufyonza mawimbi kabla hayajafika, picha inakatikakatika, halafu inarudi yenyewe mvua ikipungua. Usimlipe mtu apande paani kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Ukubwa wa kioo nitausema kwa ufupi. Zidisha urefu wa mshazari kwa moja na nusu hivi, upate umbali wa kukaa. Inchi 43 ni sentimita 109, kwa hiyo kochi liwe kama mita 1.6. Inchi 55 zinataka zaidi kidogo ya mita mbili. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyeketi, si juu pale ambapo zamani palitundikwa picha ya harusi. Shingo itakuambia baada ya nusu saa. Kama ukuta ni wa udongo, usitundike kabisa. Breketi itashika siku chache kisha itang'oka na bonge la ukuta. Meza imara ni bora. Na ukishawasha, ondoa mpangilio wa picha unaoitwa Vivid, ambao duka huutumia ili kioo kishindane na taa zake. Chagua Cinema au Movie. Mara ya kwanza utaona kama rangi zimefifia. Vumilia siku mbili, kisha jaribu kurudi kwa ule wa zamani uone nyuso za watu zilivyokuwa zimeiva kama nyanya.

Lakini ninapopapenda zaidi ni kwenye sauti, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mtambo wa 5.1 una spika tano na wufa moja. Spika ya katikati, chini ya kioo, ndiyo inayobeba maneno ya wahusika. Nayo ndiyo watu huiweka ndani ya kabati au nyuma ya maua. Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia kiasi kwamba wewe uliyeketi na hizo mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Za nyuma ziwe kando yako, zimerudi nyuma kidogo ya masikio, si kwenye pembe za mbali za chumba. Unganisha runinga na amplifaya kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, pande zote mbili. Usitegemee Bluetooth kwa mpira: sauti huchelewa, na mtangazaji atapiga kelele wakati wavu umeshatulia.

Wufa ndiyo kiburi cha sebule nyingi hapa, na ndiyo huharibu sauti nyingi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mlio mzito wa mitetemo 43 kwa sekunde una wimbi la karibu mita nane, yaani mara mbili ya sebule ya mita nne. Wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi, hukutana na lenyewe. Kwenye kuta hujilimbikiza. Katikati ya chumba hujifuta. Ndiyo sababu aliyeegemea ukuta wa nyuma hutetemeka kifua huku anayekaa katikati akiomba iongezwe. Kuongeza hakutamsaidia yeye, kutamuumiza mwenzake na kumwamsha jirani. Badala yake weka wufa juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa kando ya kuta ukisikiliza kwa urefu wa goti. Mahali besi itakaposikika safi, bila kuvuma, ndipo pa kuiweka.

Wimbo gani? Mimi hutumia isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha kitu, na kila ngoma ina sauti yake. Ukipiga rekodi yake sebuleni na ngoma zote tatu zikawa mvumo mmoja, wufa iko kwenye pembe au imefunguliwa kupita kiasi. Njuga zikikwaruza masikio, sakafu ya vigae na kuta tupu zinarudisha sauti: tandika zulia, weka mapazia mazito. Sijui filamu ya Hollywood inayopima chumba vizuri hivyo, kwa sababu hakuna anayejua mlipuko wa filamu ulitakiwa kusikika vipi, ilhali isukuti watu wetu wanaijua tangu utotoni.

Mvua kubwa juu ya mabati yasiyo na dari ni habari nyingine. Hakuna spika inayofaa kushindana nayo, na mara nyingi mvua ya namna hiyo huja na radi, kwa hiyo mtambo unatakiwa uwe umeshachomolewa. Mwenye fedha za kuongeza spika mbili nyingine namshauri fedha hizo azitumie kujenga dari.

Mwalimu alinunua runinga nyingine. Safari hii tulichimbia ethi kwanza, tukashusha lile bomba, kisha nikaunganisha spika tano nilizomshauri anunue badala ya saundiba. Mama yake, mzee wa Isukha, alikuwa ameketi akitutazama tangu asubuhi. Nilipopiga isukuti alitikisa kichwa kwa kuridhika, akataja ngoma moja baada ya nyingine. Halafu akageuka akatazama dirisha la nyuma.

"Mwanangu," aliniambia, "mbona pembe anaipulizia huko jikoni, na ngoma ziko hapa?"

Nikainama nyuma ya amplifaya. Waya wa spika ya mbele kulia nilikuwa nimeuchomeka mahali pa nyuma kulia.