Hodi katika Ghala la Msimbo: Namna ya Kupata Idhini ya Kuandika katika Miradi ya Programu Huria

Mgeni afikapo katika nyumba yoyote mtaani Kiwanjani, mjini Isiolo, hupiga hodi, akajibiwa karibu, akaketishwa barazani. Awe mwenye nyumba ni Mborana, Msomali, Mturkana au Mmeru, Kiswahili ndiyo lugha ya mlangoni. Lakini kukaribishwa barazani si kukabidhiwa ufunguo wa ghala. Miradi ya programu huria ina desturi iyo hiyo, na wengi wanaoikaribia kwa mara ya kwanza hukwama kwa kutotambua tofauti ya hatua hizo mbili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi idhini ya pili, yaani ile ya kuandika, inavyopatikana, na kwa nini jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili, si wale wa kompyuta peke yao.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na wasanidi, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Msimbo huo hutunzwa katika ghala linaloongozwa na mfumo wa kudhibiti matoleo. Mfumo huo huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani alilifanya, lini, katika mstari upi, na kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja atauelewa upesi. Lau kila mnakili wa zamani angalitia jina lake na tarehe kando ya kila neno alilolibadili, kazi ya mhariri wa leo ingalikuwa nyepesi mno.

Katika mifumo ya awali, kama vile CVS iliyoanza mwaka 1986 na Subversion iliyoifuata mwaka 2000, ghala lilikuwa moja tu, nalo lilikaa katika seva. Aghalabu kusoma kuliruhusiwa bila hata kutaja jina, lakini asiyekuwa na akaunti ya kuandika hakuweza kuingiza badiliko lolote katika historia ya mradi. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga mfumo wa Git, ambao humpa kila mtu nakala kamili ya ghala pamoja na historia yake yote. Mtu hufanya kazi katika nakala yake, huhifadhi hatua zake humo, kisha huwaomba wenye mradi wazipokee. Kwa mkaazi wa Kiwanjani anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu, tofauti hii si ndogo. Hupakua ghala mara moja, hufanya kazi siku kadhaa bila mtandao, na baadaye hutuma yale tu yaliyobadilika.

Badiliko linalotumwa kwa ajili ya kukaguliwa huitwa kiraka, nalo ni jina lililokaa vyema, kwani kiraka hushonwa palipotoboka. Hapa ndipo njia ya kuelekea kwenye idhini inapoanzia. Mgeni husoma kwanza mwongozo wa wachangiaji, ambao kwa kawaida umo ndani ya ghala lenyewe, kisha huchagua kasoro moja ndogo na kuirekebisha hiyo tu. Kiraka kinachorekebisha kosa moja na kueleza sababu yake hukaguliwa kwa urahisi. Kile kinachorekebisha kosa, kupanga upya mistari na kubadili majina kwa wakati mmoja humchosha mkaguzi, na pengine huachwa kando hata kama ni sahihi. Mkaguzi huweza kukirudisha mara mbili au tatu. Namna mgeni anavyopokea masahihisho hayo hutazamwa kwa makini sawa na msimbo wenyewe, pengine zaidi.

Ni nadra, basi, kwa mtu kupewa idhini kwa sababu ameiomba. Katika miradi ya Apache Software Foundation, kamati ya mradi humpigia kura mchangiaji ambaye kazi yake imekwisha kuonekana, ikamwalika, naye hutia sahihi mkataba wa mchangiaji kabla ya kufunguliwa akaunti. Miradi midogo haina taratibu nzito kama hizo: mwenye ghala akichoka kupitisha viraka vyema vya mtu yuleyule, humwongeza katika orodha ya waandishi. Kwa upande mwingine, wengi wa wanaochangia kiini cha Linux hawana idhini hiyo kabisa. Viraka vyao hupita kwa wasimamizi wa sehemu mbalimbali hadi vimfikie Torvalds.

Aliyekubaliwa huhitaji jozi ya funguo za kidijitali. Ule wa umma ni mfano wa kufuli: anaweza kumkabidhi yeyote aliweke mlangoni. Ule wa siri ndio unaolifungua, nao hautoki mikononi mwake, wala haufai kuachwa katika kompyuta ya saibakafe inayotumiwa na kila apitaye. Tangu Agosti 2021, GitHub haipokei tena nywila pekee kutoka kwa anayetuma mabadiliko kwa Git.

Je, tahadhari hizi hazizidi kiasi? Kisa cha xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, chatosha kuwa jibu. Mtu aliyejiita Jia Tan alituma viraka vyema kwa muda mrefu, akaaminiwa na msimamizi aliyekuwa amelemewa na kazi, akapewa idhini, na mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliugundua mwezi Machi mwaka huo kwa kushuku ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde. Ikumbukwe kwamba mhalifu huyo alifuata karibu kila hatua iliyoelezwa hapa juu. Subira peke yake haikumfichua.

Ama kuhusu Kiswahili, kisa kinachostahili kukumbukwa ni cha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya wasanidi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na katika ghala la LibreOffice limo fungu la tafsiri lenye alama sw-TZ. Maneno anayoyaona mtumiaji katika menyu hukaa humo kama mistari ya msimbo. Msomi anaweza kuandika tasnifu nzima akitetea neno jalada dhidi ya faili, au tarakilishi dhidi ya kompyuta, lakini kinachoonekana katika kioo ni kile kilichopitishwa na mwenye idhini ya kuandika. Hata Ushahidi, mradi wa Kenya uliozaliwa mwaka 2008 kutokana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, una jina la Kiswahili ilhali msimbo wake umeandikwa kwa majina ya Kiingereza.

Mlango wa watafsiri ni mpana kuliko wa wasanidi, kwa kuwa tafsiri nyingi hufanyiwa katika kurasa maalumu za mtandaoni zisizodai ujuzi wa Git. Hata hapo, anayejiandikisha leo mara nyingi hupewa uwezo wa kupendekeza tu, na pendekezo lake hungoja mkaguzi wa lugha husika. Lugha zenye wakaguzi hai hupokea au kukataa mapendekezo upesi. Pale ambapo mkaguzi ameacha kazi na hakuna aliyechukua nafasi yake, pendekezo hukaa palepale, na toleo jipya la programu hutoka likiwa na neno la zamani au, mara nyingi zaidi, likiwa na Kiingereza.