Jehanamu ya kwenye picha: nani aliichora?

Leo tuweke pembeni siasa na mpira kidogo.

Kuna picha fulani nyeusi na nyeupe zinazunguka sana mtandaoni. Utaona watu uchi wamerundikana gizani, wengine wameganda kwenye barafu hadi shingoni, wengine wamegeuka miti. Mara nyingi zinakuja na maneno ya kutisha: hivi ndivyo Jehanamu ilivyo, tubu mapema! Mimi nimeshatumiwa zaidi ya mara moja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia zimetoka wapi. Nikaamua kuzifuatilia mwenyewe.

Jamani, hazikutoka kwenye Biblia wala Kurani. Zimetoka kwenye shairi.

Shairi lenyewe linaitwa Divina Commedia. Aliyelitunga ni Dante Alighieri, mzaliwa wa Florence, Italia, mwaka 1265. Jamaa alikuwa mshairi lakini pia mwanasiasa. Mwaka 1302 kundi pinzani lilimfukuza mjini, na hukumu ikasema akikamatwa achomwe moto. Hakurudi tena, akafia Ravenna mwaka 1321. Huko uhamishoni ndiko alikotunga nyimbo 100 zinazosimulia safari yake ya Jehanamu, Toharani na Peponi. Na unajua alimweka nani Jehanamu? Maadui zake wa siasa kwa majina, na mapapa pia! Kwa hiyo ukitishwa na picha hizo, ujue ndani yake kuna ugomvi wa siasa za mji mmoja wa Italia.

Wachoraji walilipenda shairi hili kwa sababu Dante anaeleza kila kitu kama fundi anayekuonyesha ramani ya nyumba. Jehanamu yake ni shimo lenye duara tisa, linazidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Chini kabisa hakuna moto, kuna barafu, na Shetani mwenyewe amenasa humo. Haya, tuwaone wachoraji wenyewe.

1. BOTTICELLI. Huyu naye ni wa Florence. Alichora kwenye ngozi za wanyama, miaka ya 1480 na 1490. Michoro 92 bado ipo, 85 iko Berlin na 7 iko Vatikani. Michache sana ndiyo iliyopakwa rangi, mingine ni mistari tu. Kinachonifurahisha ni kwamba kwenye ukurasa mmoja anamchora Dante mara kadhaa, hapa anashuka, pale anaongea, kule anaogopa. Yaani kama katuni za magazetini, miaka zaidi ya 500 iliyopita!

2. BLAKE. Mwingereza, mshairi na mchoraji. Alipewa kazi hii mwaka 1824 akiwa na miaka 60 na ushee, akachora picha 102 kwa rangi za maji. Alikufa 1827 kabla hajamaliza. Huyu hakukubaliana na Dante. Hakuamini kwamba Mungu anaweza kumwadhibu mtu milele, na alibishana naye hukohuko kwenye picha.

3. DORÉ. Huyu ndiye mwenye zile picha unazotumiwa. Mfaransa, alizaliwa 1832. Alitaka kutoa kitabu kikubwa cha Jehanamu, wachapishaji wakaogopa gharama. Kijana akatoa hela zake mwenyewe, kikatoka 1861 akiwa na miaka 29. Kikauzwa ile mbaya! Toharani na Peponi vikafuata 1868. Yeye alichora juu ya vipande vya mbao, mafundi wakavichonga, kisha vikapakwa wino na kuchapwa kama muhuri. Ndiyo maana picha zake zilienea kote, kwani mbao moja inatoa nakala nyingi.

4. DALÍ. Mhispania. Serikali ya Italia ilimpa kazi hiyo kwa ajili ya miaka 700 ya kuzaliwa kwa Dante. Waitaliano wakaja juu: iweje Mhispania amchoree Dante wetu? Kazi ikafutwa. Yeye akaendelea tu, na picha zake 100 zikaonyeshwa Paris mwaka 1960.

Sasa angalia tukio moja, la Francesca na Paolo. Walipendana wakati Francesca ni mke wa kaka yake Paolo, na mume akawaua wote wawili. Dante anawakuta wakipeperushwa na upepo usiotulia, anawahurumia mpaka anazimia. Doré anawachora wakielea gizani, unasikia baridi na huzuni. Blake anachora upepo uleule ukizunguka kama mto wa watu, lakini juu anaweka duara la mwanga, na ndani yake wapenzi hao wamekumbatiana. Shairi ni lile lile, ila mmoja anakuonyesha adhabu na mwingine anakuachia matumaini.

Kuna jambo lingine siwezi kulificha. Katika wimbo wa 28 Dante alimweka Mtume Muhammad (S.A.W.) Jehanamu, na baadhi ya wachoraji hawa wakachora. Muislamu akiumia ana haki. Lakini mwaka 1919 msomi wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu akisema Dante alichota mengi kwenye masimulizi ya Miraji, ile safari ya Mtume mbinguni ambayo watu wa pwani yetu wameitungia tenzi. Wasomi wanabishana mpaka leo. Ila kitabu cha Miraji kilishatafsiriwa Hispania kabla Dante hajazaliwa, kwa hiyo hoja yake si ya kudharau.

Mimi sisemi Jehanamu haipo, hilo ni la imani yako. Ninachosema ni kwamba sura iliyoko kichwani mwako huenda ilichongwa kwenye mbao Paris na mafundi waliokuwa wanatafuta riziki. Ukitumiwa tena picha ile, muulize aliyekutumia: nani alichora, na alikuwa anamchorea nani?

Za Doré haki miliki imekwisha, ziko bure, andika tu jina lake na la Dante kwenye kitafutio. Kama muda wako wa kafe unaelekea kuisha, anza na Francesca wa Doré, kisha wa Blake. Halafu niambie hapo chini: wewe upo na nani?